Msaada wa kisheria wa bure uwafikie na wapangaji wa Mtwara

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme juu ya jambo lililozoeleka katika mitaa ya Manispaa ya Mtwara Mikindani kiasi kwamba watu wameacha kulishangaa. Wapangaji wanakatiwa maji, wanapigiwa kufuli wakiwa kazini, wanatukanwa mbele ya watoto wao na mwishowe wanatolewa vyombo nje, ilhali sheria ya nchi inawapa watu wasio na uwezo haki ya kusaidiwa kisheria bila malipo, na walio wengi hawajawahi kuambiwa kwamba haki hiyo inawahusu na wao. Naandika nikiwa mwenye nyumba. Nina vyumba vya kupangisha katika kata ya Chikongola, na kwa muda nilikuwa mjumbe wa Baraza la Kata, kwa hiyo malalamiko ya pande zote mbili nimeyasikiliza, na sitaki msomaji adhani kwamba nawachukia wenye nyumba wenzangu. Ninachokiomba ni kwamba msaada wa kisheria wa bure, ambao mpaka sasa umejulikana zaidi kwa migogoro ya mashamba, mirathi na ndoa, uwafikie na wapangaji, tena uwafikie mtaani wanapoishi na siku ile wanapouhitaji.

Sheria ninayoisema ni Sheria ya Msaada wa Kisheria, Namba 1 ya mwaka 2017. Sheria hiyo iliwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, ambao si mawakili lakini wamepewa mafunzo, na kazi yao ni kuelimisha, kuwashauri wanaogombana wapatane, kumwelekeza mwananchi mahali panapostahili kupeleka shauri lake na kumsaidia kupata nyaraka zinazohitajika. Hawaruhusiwi kumtoza mtu ada kwa huduma hiyo, wala hawaruhusiwi kusimama mahakamani kama mawakili. Yuko Msajili wa watoa msaada wa kisheria katika Wizara ya Katiba na Sheria, na wako wasajili wasaidizi huku mikoani na katika halmashauri. Mwaka 2023 ikaongezeka Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa Dodoma, ambayo huzunguka mkoa kwa mkoa na wanasheria wake hukaa na wananchi na kuwasikiliza bure. Kila mwaka pia, kuelekea Siku ya Sheria mwanzoni mwa Februari, Mahakama hutoa elimu na ushauri bila malipo kwa wiki nzima. Haya yote ni mema na ninayashukuru kwa dhati. Lakini kampeni huja na kuondoka, na mpangaji hapangi siku ya kufukuzwa. Kufuli hupigwa Jumapili usiku, na Jumatatu asubuhi mtu yuko barabarani na godoro lake, hajui aanzie wapi.

Niruhusu, Mhariri, nieleze kisa kimoja kwa urefu, kwa sababu ndani yake yamo karibu mambo yote ninayotaka kuyasema. Jirani yangu mmoja, mama lishe, alipanga chumba kimoja na kibaraza cha kupikia kwa kodi ya miezi sita, aliyoilipa kwa mkupuo kwa njia ya simu. Mkataba wao ulikuwa ukurasa mmoja wa daftari la shule, ulioandikwa jina lake, kiasi alicholipa na mwezi alioingia, basi. Hapakuwa na sahihi ya shahidi wala nakala ya pili, na ukurasa wenyewe ulibaki kwa mwenye nyumba. Ulipofika msimu wa korosho, minada ilipoanza na mji ukajaa wageni wanaofuata biashara hiyo, mwenye nyumba akapata mtu wa kulipa zaidi. Kodi ya yule mama ilikuwa bado haijaisha. Kwanza akaambiwa kwa upole kwamba chumba kinahitajika kwa ajili ya mtoto wa mwenye nyumba. Aliposema asubiriwe hadi miezi yake iishe, bomba la uani likafungwa kwa kufuli, na ufunguo wakapewa wapangaji wengine wote isipokuwa yeye. Baadaye wakaja mafundi wawili, wakapanda juu na kung'oa mabati manne ya upande wa chumba chake, kwa maelezo kwamba paa linakarabatiwa. Mabati yaliegeshwa kwenye ukuta wa uani, misumari iliyopinda ikaachwa mlangoni pake, na hakuna fundi aliyerudi. Ilikuwa Desemba, mvua zimeshaanza. Usiku ule aliwalaza watoto chini ya meza yake ya biashara na kutandaza turubai juu yake.

Alikwenda ofisi ya serikali ya mtaa, akasikilizwa, na mwenye nyumba akaitwa. Alipofika alisema maneno ambayo kila mpangaji wa mji huu ameyasikia: nyumba ni yangu, paa ni langu, natengeneza mali yangu. Kisha mama akaulizwa mkataba uko wapi. Hakuwa nao. Aliporudi alinieleza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukata tamaa, "Mama, sina karatasi, nitakwenda kusema nini tena?" Ujumbe wa muamala wa kodi ulikuwa bado umo kwenye simu yake, wenye tarehe, kiasi na jina la aliyepokea, lakini hapakuwa na mtu mezani pale aliyemwambia kwamba ule ni ushahidi. Aliuza kitanda na kabati kwa bei ya kutupa, akarudi kwao kijijini na watoto waliokuwa wanasoma hapa mjini, na kodi ya miezi iliyobaki hakurudishiwa.

Laiti angekutana na msaidizi wa kisheria asubuhi ile, shauri lake lingekwenda njia nyingine kabisa. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, inakubali upangaji wa muda mfupi, yaani wa mwaka mmoja au chini ya hapo, ufanyike kwa maandishi au kwa mdomo. Maana yake ni kwamba mpangaji wa chumba asiye na mkataba wa karatasi bado ni mpangaji mbele ya sheria, ilimradi aweze kuonyesha kwamba alikubaliana na mwenye nyumba na kwamba analipa, na hilo linaweza kuonyeshwa kwa risiti, kwa ujumbe wa simu, kwa jirani aliyeshuhudia au kwa mjumbe aliyempokea mtaani. Maneno "huna mkataba" yamewatoa watu wengi ndani ya nyumba pasipo sababu, na kwa maoni yangu hakuna elimu moja ambayo ingewasaidia wapangaji wa mji huu kuliko kuwafahamisha jambo hili tu.

Sheria hiyohiyo inaweka ndani ya upangaji ahadi ambazo mwenye nyumba anahesabiwa kuwa amezitoa hata kama hazikuandikwa popote. Mojawapo ni kwamba mpangaji anayelipa kodi yake na kutimiza masharti atakaa kwa utulivu bila kuingiliwa na mwenye nyumba. Nyingine ni kwamba kinapopangishwa chumba au sehemu tu ya jengo, ni wajibu wa mwenye nyumba kutunza paa, kuta kuu, mifereji mikuu na njia wanazopita wote. Kwa hiyo mabati yale hayakuwa ya kung'olewa apendavyo. Yalikuwa ni sehemu ya kile ambacho mama yule alikwisha kukilipia. Tena, pale ambapo kodi hulipwa mwezi kwa mwezi na hakuna makubaliano mengine, upande unaotaka kuvunja upangaji unapaswa kutoa notisi isiyopungua mwezi mmoja, wala si kumwambia mtu jioni kwamba kesho asubuhi awe ameondoka. Juu ya yote hayo ipo Katiba, ambayo katika Ibara ya 16 inampa kila mtu heshima na hifadhi ya maskani yake, na maskani ya mpangaji ni hicho chumba anachokilipia. Na anayevunja mlango au kuharibu vyombo vya mtu kwa makusudi anaweza kujikuta katika kesi ya jinai, si ya madai peke yake.

Manyanyaso mengine hayana kelele za mabati, na kwa sababu hiyo hayafiki hata kwa mjumbe. Nyumba nyingi za kupanga hapa kwetu zina mita moja ya LUKU kwa vyumba vyote, swichi kuu iko sebuleni kwa mwenye nyumba, na mpangaji anayedai risiti au anayelalamika kuhusu choo hujikuta yeye tu hana umeme. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo imekuwa ikikatwa mtu anaponunua umeme, na ingawa kodi hiyo ni ya mwenye jengo, anayenunua umeme ni mpangaji. Anayeomba fedha hiyo ipunguzwe katika kodi yake ya chumba huonekana mkorofi na huanza kuandamwa. Haya ni mambo madogo kwa anayeyasikia kwa mbali, lakini anayeishi nayo kila siku huhama mwenyewe, na mwenye nyumba hubaki akisema kwamba hakumfukuza mtu.

Liko pia jambo ambalo baadhi ya wazazi hawapendi kulitaja. Mji wetu una vyuo, na mabinti wengi wanaokuja kusoma hupanga vyumba mitaani kwa kuwa mabweni hayatoshi. Wapo wenye nyumba, au watoto wa kiume wa wenye nyumba, wanaowasumbua mabinti hao, wanaogonga milango usiku kwa kisingizio cha kukagua taa, na wanaowaambia wazi kwamba kodi inaweza kusubiri kama watakubali jambo jingine. Huo si ugomvi wa pango. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ililifanya shambulio na udhalilishaji wa namna hiyo kuwa kosa, na mahali pa kwanza pa kwenda ni Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Lakini binti aliyetoka Newala au Nanyumbu akiwa na umri wa miaka 19, ambaye ameshalipa kodi ya mwaka mzima kwa fedha ya korosho za baba yake, huogopa kwamba akishtaki atapoteza chumba na fedha vyote pamoja. Anahitaji mtu wa kumweleza kwamba kumshtaki mtu kwa kosa la jinai hakufuti haki yake ya kuendelea kukaa alipolipia, na wa kumsindikiza hadi dawatini.

Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka kwamba hali haikuwa hivi siku zote. Ilikuwapo sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba, na chini yake palikuwa na mabaraza ya nyumba yaliyoshughulika na mambo ya wapangaji na wenye nyumba. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Sidai irudishwe kama ilivyokuwa, kwa sababu ilikuwa na kasoro zake na wajenzi wengi waliilalamikia, lakini baada ya kufutwa hakuna kilichowekwa mahali pake ambacho mpangaji wa kawaida anaweza kukitaja kwa jina. Sisi wa Mtwara tuliyaona matokeo yake vizuri zaidi wakati wa harakati za gesi, miaka ile kabla ya bomba la kwenda Dar es Salaam kukamilika mwaka 2015, kampuni zilipoleta watu wao na kodi za nyumba Shangani na kwingineko zikapanda kwa kasi ambayo walimu na wauguzi hawakuweza kuifuata. Wenzetu wa Lindi, ambako eneo la Likong'o limetengwa kwa ajili ya mradi mkubwa wa kusindika gesi asilia, wanapaswa kujiandaa tangu sasa, kabla wageni hawajaanza kuulizia vyumba.

Leo mpangaji anayeonewa ana milango kadhaa ya kubisha, na hapo ndipo anapopotea. Baraza la Kata, nililolitumikia, lilikuwa zamani na uwezo wa kuamua baadhi ya mashauri ya ardhi. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 limebaki na kazi ya kusuluhisha tu, na likishindwa kuwapatanisha wahusika ndani ya siku 30, mlalamikaji anaweza kuendelea mbele. Mbele yenyewe ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako mwenyekiti husikiliza shauri akisaidiwa na wazee wa baraza. Lakini kama dai ni la fedha tu, kwa mfano kurudishiwa kodi iliyolipwa kabla, huenda mahali pake pakawa mahakama ya kawaida. Na kama mlango umevunjwa, pa kwanza ni polisi. Mtu akikosea mlango anaweza kuzungushwa kwa miezi kisha akaambiwa shauri lake lilifunguliwa mahali pasipohusika. Mwenye fedha humlipa wakili amwonyeshe njia. Muuza samaki wa feri ya Mtwara ataonyeshwa na nani, kama si msaidizi wa kisheria? Jambo jema ni kwamba tangu mwaka huohuo wa 2021 sheria imeifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama na mabaraza, kwa hiyo malalamiko anaweza kuyaandika mwenyewe kwa lugha anayoijua, akisaidiwa tu kuyapanga.

Sasa nizungumze na wenye nyumba wenzangu, maana najua wapo watakaoniuliza niko upande gani. Nimewahi kukaa na mpangaji aliyelimbikiza madeni na kuhama usiku, na ninawafahamu wajane wanaokula na kusomesha kwa kodi ya chumba kimoja, ambao mpangaji akigoma kulipa wao ndio wanaolala njaa. Sheria ya mwaka 2017 haikuandikwa kwa ajili ya wapangaji peke yao. Kigezo chake ni mtu kutokuwa na uwezo wa kumlipa wakili, na mjane yule anastahili msaada huo sawasawa na mpangaji wake. Msaidizi wa kisheria akiwaketisha wote wawili na kuandika makubaliano kwamba deni litalipwa kidogo kidogo hadi tarehe fulani, na kwamba isipolipwa mpangaji atatoka kwa hiari, mwenye nyumba amepata zaidi ya kile ambacho angepata kwa kung'oa mlango. Anayetumia nguvu, hata kama anadai haki, anajiweka yeye mwenyewe kuwa mshtakiwa.

Najua pia kwa nini wengi wetu tunakwepa kuandika mikataba. Tunaogopa kodi ya mapato, na tunaogopa kwamba karatasi itatufunga mikono. Hofu ya kwanza tuizungumze na mamlaka ya mapato kwa uwazi, haiponi kwa kumnyima mpangaji ushahidi. Ya pili haina msingi, kwa kuwa mkataba unatulinda na sisi. Jambo moja ambalo ni lazima lifahamike ni ushuru wa stempu, ambao kwa mikataba ya pango ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kwa chumba cha shilingi 40,000 kwa mwezi, ambacho kwa mwaka ni shilingi 480,000, ushuru huo ni shilingi 4,800. Mkataba usiolipiwa ushuru unaweza kukataliwa kupokelewa kama ushahidi hadi ushuru huo na adhabu yake vilipwe, na nimesikia watu wakishangaa kuambiwa hivyo siku ya shauri. Wasaidizi wa kisheria wangelisema hili mapema, pande zote mbili zingeepuka usumbufu mwingi.

Kuna jambo moja zaidi ambalo limenifanya niandike kwa gazeti badala ya kwenda tu ofisini. Ofisi ya mtaa, ambayo ndiyo kimbilio la kwanza la mpangaji, huongozwa na watu wanaotoka mtaa huohuo, na mara nyingi wao wenyewe ni wenye nyumba au ni ndugu na majirani wa wenye nyumba. Siwatuhumu kwa rushwa. Nasema tu kwamba ni vigumu kwa mtu kumwambia jirani yake wa miaka 30 kwamba amekosea kwa ajili ya mpangaji aliyeingia mtaani mwaka jana. Ndiyo maana nahimiza awepo mtu wa tatu, asiyetegemea kura za mtaa wala udugu, mwenye sheria mkononi.

Ninachopendekeza kinawezekana bila kusubiri bunge litunge sheria mpya. Halmashauri, kupitia idara yake ya maendeleo ya jamii, iweke siku moja ya wiki inayojulikana ambapo msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa atakaa katika ofisi ya kata na kuwasikiliza wapangaji na wenye nyumba, na namba yake ya simu ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila mtaa, ili anayepigiwa kufuli usiku asisubiri siku hiyo. Wasaidizi hawa wanajitolea, na kujitolea kuna mwisho wake kama mtu anajilipia nauli ya bodaboda kutoka Magomeni hadi Naliendele na kununua karatasi kwa fedha yake mwenyewe; kwa hiyo itengwe posho ndogo ya nauli na vifaa katika bajeti ya halmashauri, na diwani wa kata yetu nitamwomba alipeleke suala hilo kwenye baraza la madiwani. Ofisi za mitaa ziwe na fomu rahisi ya mkataba wa pango kwa Kiswahili, ya ukurasa mmoja, itolewe bila malipo na kusainiwa katika nakala mbili. Kampeni ya kitaifa nayo inapokuja, matangazo yake yataje pango kwa jina, kwa sababu mpangaji anayesikia "migogoro ya ardhi" hudhani wanaoitwa ni wenye mashamba, hivyo hubaki nyumbani.

Pale shauri linapovuka uwezo wa msaidizi wa kisheria, kwa mfano inapohitajika kuomba zuio la muda ili mtu asitolewe vyombo nje kabla hajasikilizwa, pawe na njia iliyonyooka ya kumpeleka kwa wakili. Mtwara tunayo Mahakama Kuu, na mawakili wanaofanya kazi hapa ni wanachama wa Chama cha Mawakili Tanganyika. Taasisi kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania zimekuwa zikitoa msaada wa namna hiyo kwa miaka mingi. Wala hatutakuwa wa kwanza duniani kufikiri hivi. Mwaka uleule wa 2017 tulipopata sheria yetu, jiji la New York nchini Marekani lilitunga sheria ya kuwapatia mawakili wa bure wapangaji wa kipato cha chini wanaokabiliwa na kesi za kufukuzwa, baada ya kuona kwamba wenye nyumba karibu wote walifika mahakamani na wakili na wapangaji wengi walifika mikono mitupu. Sisi hatuna fedha za New York, lakini tayari tuna watu waliofunzwa ambao wanaishi katika kata zetu.

Kwa mpangaji atakayesoma barua hii akiwa na tatizo hilo sasa hivi, namshauri asihame kwa hasira na asirudishe matusi kwa matusi. Aende ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yake, au ya kata, aulize kwa majina wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa katika eneo lake. Achukue risiti kama anazo, na kama hana, asifute ujumbe wa muamala wowote wa kodi ulio kwenye simu yake. Akibadilisha simu, aende kwa wakala au kwenye duka la mtandao wake aombe taarifa ya miamala. Apige picha kufuli, bomba lililofungwa au paa lililofunuliwa, siku ileile, na aandike tarehe. Amtafute jirani mmoja aliyeshuhudia, na kitambulisho chake asikisahau. Akiombwa fedha na anayejiita msaidizi wa kisheria kwa ajili ya ushauri huo, asitoe, na aripoti kwa msajili msaidizi wa halmashauri, kwa kuwa sheria imekataza.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mama mwenye nyumba,
Chikongola, Mtwara